Kichwa Kikiuma Mlimani, Usipande: Shuka

Msomaji, ukisimama juu ya milima ya Ngong asubuhi ya Januari, kabla joto na vumbi havijapanda, unaweza kuiona milima miwili mirefu kuliko yote barani Afrika bila kuhama hapo ulipo. Kusini, ng'ambo ya mbuga za Kajiado, ni Kilimanjaro wenye mita 5,895. Kaskazini mashariki ni Mlima Kenya wenye mita 5,199. Yote miwili ni volkeno. Hata hapo unapokanyaga ni masalio ya volkeno ya kale, ingawa kilele chake kirefu zaidi hakizidi mita 2,460.

Labda ndiyo sababu ya swali ninaloulizwa kila mara hapa kliniki. Kijana huja amevaa viatu vya kukimbilia, anaketi na kusema: "Daktari, mimi hupanda milima ya Ngong kila Jumamosi, vilele vyote saba hadi Kona Baridi. Nyama za miguu ziko imara. Je, naweza kwenda Lenana wikendi hii?"

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikijibu, "Nenda, utafurahi." Leo sijibu hivyo tena. Nitakueleza kwa nini, na katika maelezo hayo utakuta kosa langu mwenyewe, ambalo nusura limgharimu mtu maisha.

Safari ya siku tatu

Vilele vikuu vya Mlima Kenya vina majina yanayotuhusu sisi watu wa Ngong. Batian kimepewa jina la laiboni Mbatian. Lenana, kilele cha mita 4,985 ambacho mtu wa kawaida anaweza kukifikia bila kamba, kina jina la mwanawe, aliyefanya makao yake pande hizi za Ngong na kufariki mwaka 1911. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima huo. Kwa hivyo tulipoamua kwenda, watu wanane kutoka kikundi chetu cha matembezi, tuliona ni kama kumtembelea jirani.

Mpango wetu ulikuwa ule wanaoufuata wafanyakazi wengi wa mjini wasio na siku za likizo. Ijumaa alfajiri tulitoka Ngong kwa gari. Jioni tulikuwa tumelala Met Station, upande wa Naro Moru, mita 3,050. Jumamosi tulitembea hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200. Saa tisa za usiku wa kuamkia Jumapili tungeanza kupanda Lenana, jua litukute kileleni, na Jumatatu kila mtu awe kazini.

Katika kundi letu alikuwamo kijana wa miaka 27, mwajiriwa wa benki anayeishi Kitengela. Ndiye aliyekuwa na mwili imara kutushinda sote. Mama yake, ambaye ni mgonjwa wangu wa presha, alikuwa ameniambia wiki ile: "Daktari, kwa kuwa wewe upo, sina wasiwasi."

Jumamosi kijana huyo alitutangulia kwa zaidi ya saa moja. Tulipofika kambini tulimkuta ameketi juu ya jiwe, kichwa mikononi. Alisema kichwa kinamgonga. Chakula cha jioni hakukigusa. Nilimpa vidonge viwili vya paracetamol, nikamwambia alale, atakuwa sawa.

Hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Kabla sijakuambia kilichofuata, hebu tuone ni nini kilichokuwa kikitendeka mwilini mwake.

Hewa inapopungua

Watu wengi hudhani kuwa mlimani hakuna oksijeni. Si kweli. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, uwe Mombasa au uwe Lenana. Kinachopungua ni kani ya hewa, yaani ule uzito unaoisukuma oksijeni iingie mapafuni na kupita hadi kwenye damu. Ukiwa Ngong mjini, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi inakupa kama asilimia 80 ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa anapata. Met Station ni kama asilimia 70. Kambi ya Mackinder ni kama 60. Kileleni Lenana unabaki na zaidi kidogo ya nusu.

Mwili unajua kukabiliana na upungufu huu, lakini unataka muda. Kwanza unapumua kwa kasi na kwa kina zaidi. Kisha mafigo yanarekebisha kemikali za damu ili kasi hiyo iweze kuendelea, na ndiyo maana mtu huenda haja ndogo mara nyingi akiwa mlimani. Kazi hii huchukua siku, si saa. Kuongezeka kwa chembe nyekundu za damu huchukua majuma.

Ukiupandisha mwili kwa haraka kuliko unavyoweza kujirekebisha, mishipa midogo huanza kuvujisha maji. Yakivuja ubongoni, ubongo huvimba ndani ya fuvu ambalo halina nafasi ya kutanuka. Yakivuja mapafuni, mtu huanza kuzama akiwa nchi kavu.

Misuli haikulindi

Hapa ndipo vijana wengi wanapokosea. Mazoezi yatakusaidia usichoke upesi, lakini hayakukingi na maradhi ya mwinuko. Mwanariadha na mzee wa miaka 60 wanaweza kwenda pamoja, mzee akafika salama na mwanariadha akabebwa kwa machela. Mara nyingine mwenye nguvu ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu anapanda mbio na anaona haya kusema anaumwa.

Kupanda Ngong pia hakutoshi kuwa jaribio. Maradhi haya huanza kuonekana kwa watu wengi baada ya kuvuka mita 2,500, na Ngong haifiki hapo. Kuishi kwetu katika nyanda za juu kunatupa nafuu kidogo kuliko ndugu zetu wa pwani, lakini nafuu hiyo haikufikishi mita 4,200 kwa siku mbili.

Mlima Kenya una mtego wake. Barabara na njia zake ni fupi, na gari linaweza kukufikisha mita 3,000 kabla ya chakula cha mchana. Mtu aliyeamka Nairobi anaweza kulala mita 4,200 kesho yake. Mlima ni mwepesi kuufikia, lakini mwili wako haujui kwamba una siku tatu tu za likizo.

Dalili ambazo usizidharau

Maradhi ya mwinuko huja kwa sura tatu. Zisome vizuri, na ukipanda mlima umsomee mwenzako pia.

Ya kwanza ni ile ya kawaida: kichwa kuuma, na pamoja nacho kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au kutapika, kizunguzungu, au uchovu usiolingana na kazi uliyoifanya. Hufanana sana na mning'inio wa mtu aliyelewa jana. Ukikaa hapo ulipo bila kuendelea kupanda, kwa kawaida hupungua katika siku moja au mbili.

Ya pili ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huchanganyikiwa, huongea mambo yasiyoeleweka, huwa mkali bila sababu au husinzia mno. Dalili kubwa ni kupepesuka. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, hali ni ya hatari na kuna saa chache tu za kumwokoa.

Ya tatu ni maji kujaa mapafuni. Mtu anahema hata akiwa ameketi. Anakohoa, kwanza kikohozi kikavu, baadaye makohozi yenye povu na pengine rangi ya waridi. Midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati. Huweza kuja bila kichwa kuuma hata kidogo, na mara nyingi huja usiku wa pili baada ya kufika juu.

Lipo pia jambo moja ambalo huwatisha watu bure. Usiku, mwenzako akiwa amelala, unaweza kumsikia anapumua kwa kasi, kisha ananyamaza kwa sekunde kadhaa, kisha anavuta pumzi kwa nguvu. Kama mchana yuko sawa, hilo ni jambo la kawaida mlimani.

"Si ni malaria tu?"

Sisi Wakenya tukiumwa na kichwa husema ni malaria, au baridi, au jua. Huenda ikawa kweli, hasa kama ulikuwa Kisumu au pwani majuma mawili yaliyopita na una homa. Lakini kanuni ya mlimani ni hii: ukiwa juu ya mita 2,500 na unaumwa, hesabu kwamba ni maradhi ya mwinuko mpaka ithibitishwe vingine. Ukishuka na ikawa ni malaria, hujapoteza kitu, kwa maana hata malaria hutibiwa chini. Ukibaki juu na ikawa ni mwinuko, unaweza kupoteza kila kitu.

Usiku ule kambini

Sasa turudi kwa yule kijana. Saa sita za usiku niliamshwa na kikohozi chake. Nilimwashia tochi. Alikuwa ameketi, mgongo umeegemea ukuta, akihema kama mtu aliyekuwa akikimbia. Nilipomuuliza hali alisema, "Daktari, mimi niko sawa. Tutaondoka saa tisa." Nikamwambia asimame. Alichukua hatua nne, akaangukia mizigo ya wenzake.

Nilijua ugonjwa huo ni upi, kwa maana nilikuwa nimeusoma chuoni. Hata hivyo, na hili nalisema kwa aibu, wazo langu la kwanza lilikuwa kusubiri kupambazuke. Nje kulikuwa na giza na barafu juu ya nyasi. Njia ya kushuka inapita kwenye tope refu la mteremko ambalo hata mchana humwangusha mtu. Sikuwa na oksijeni, wala dawa yoyote ya maana.

Aliyeniokoa, na kumwokoa kijana, ni mwelekezi wetu, mzee mwenyeji wa Naro Moru ambaye alikuwa amepanda na kushuka njia ile kwa miaka mingi. Alimtazama kijana mara moja tu, akaniambia: "Daktari, huyu ashuke sasa hivi. Nimewaona waliosubiri asubuhi."

"Mzee, giza hili?" nikamuuliza.

"Giza ni afadhali," akajibu.

Tuliondoka saa saba, mimi, mzee, wapagazi wawili na mgonjwa. Pengine alitembea akiwa ameshikiliwa kwapani, pengine alibebwa mgongoni. Tulianguka kwenye tope mara nisizoweza kuhesabu. Lakini nilishuhudia jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha: kadiri tulivyoshuka, ndivyo alivyopata nafuu. Baada ya mita mia nne au tano aliacha kuropoka. Saa kumi na mbili asubuhi tulipoingia Met Station aliomba chai. Gari lilimpeleka hospitalini, akawekewa oksijeni, na siku ya tatu akarudi kwa mama yake.

Kushuka ndiyo dawa. Dawa nyingine zote ni wasaidizi wake.

Panga siku, si nguvu

Kama unataka kwenda, nenda. Sikukatazi, maana ni mlima mzuri na ni wetu. Lakini panga siku zako namna hii.

Ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi mahali ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Baada ya kila siku tatu au nne, pumzika siku moja bila kupanda makao. Kambi za Mlima Kenya haziko karibu karibu kiasi hicho, kwa hivyo fidia kwa kuongeza siku. Upande wa Sirimon, lala Old Moses, mita 3,300, usiku mbili. Kisha kambi ya Shipton, mita 4,200, usiku mbili. Ndipo uende Lenana. Upande wa Naro Moru, fanya hivyo hivyo Met Station na Mackinder. Siku ya mapumziko unaweza kutembea juu kidogo mchana na kurudi kulala chini. Hiyo huufundisha mwili.

Wanaokwenda Kilimanjaro, wawe wanaanzia Marangu au upande wa Rongai ulio karibu na Oloitokitok yetu, wakumbuke kuwa huko ni mita 900 zaidi ya Lenana. Ukipewa bei ya siku tano na bei ya siku saba, lipia saba. Zile siku mbili ndizo kinga yako. Waelekezi wa huko husema "pole pole" tangu langoni, na watalii hucheka wakidhani ni salamu. Ni maagizo ya daktari. Kama huwezi kuzungumza na mwenzako huku unatembea, unakwenda mbio kupita kiasi.

Kuhusu dawa

Ipo dawa ya kukinga iitwayo asetazolamaidi, inayojulikana sana kwa jina la Diamox. Mtu mzima kwa kawaida humeza miligramu 125 asubuhi na jioni, akianza siku moja kabla ya kupanda. Husaidia mwili kujirekebisha upesi zaidi. Huleta ganzi ya vidole na kukojoa mara kwa mara, na soda hupoteza ladha. Kama Septrin au Fansidar iliwahi kukutoa vipele au kukuvimbisha, usiimeze kabla ya kumwona daktari wako, maana ni dawa za jamii inayokaribiana.

Kwa matibabu kuna deksamethasoni kwa ubongo uliovimba na nifedipini kwa mapafu yaliyojaa maji. Hizi apewe mgonjwa wakati anashushwa, si ili abaki juu.

Paracetamol unaweza kumeza. Lakini kichwa kikitulia kwa sababu ya kidonge, usijidanganye kuwa umepona ukaendelea kupanda. Dawa za usingizi na pombe ziache nyumbani, kwa sababu hupunguza kupumua usiku. Kile kifaa cha kubana kidoleni ambacho wengi walinunua wakati wa Covid mwaka 2020 kinaweza kusaidia, lakini mtazame mtu kwanza. Anayepepesuka ashuke, hata kama namba inapendeza.

Nani amwone daktari kwanza?

Mwenye ugonjwa wa selimundu, yaani chembe za damu zenye umbo la mundu, asipande kabisa. Hata mwenye kurithi chembe hizo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye hajawahi kuugua, anaweza kuharibikiwa na wengu akiwa juu sana. Kama kwenu kuna selimundu, pimwa damu kabla ya kulipia safari.

Wenye magonjwa ya moyo au ya mapafu, presha isiyodhibitiwa, kisukari kinachohitaji sindano, na kina mama wajawazito, wapate ushauri kwanza. Mwenye pumu iliyodhibitiwa vizuri anaweza kwenda, lakini abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni mwa ndani isigande. Kama una mafua makali au kikohozi cha kifua, ahirisha. Na aliyewahi kujaa maji mapafuni mlimani yuko katika hatari kubwa ya kurudiwa.

Usisahau baridi. Nguo za pamba zikilowa hazikupi joto. Vaa sufu au nailoni, na uwe na nguo moja kavu ya kulalia. Waangalie na wapagazi pia. Wengi wao huishi chini kama wewe na huugua kama wewe, ila hawasemi kwa kuhofia kupoteza kibarua. Na usiwashe kamwe jiko la makaa au la gesi ndani ya hema lililofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Mambo matatu ya kukumbuka

Ukisahau yote niliyoandika, shika haya matatu. Ukiumwa mlimani, hesabu ni mwinuko. Ukiwa na dalili, usipande hata hatua moja zaidi. Ukizidiwa, shuka saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku, na usiachwe peke yako.

Yule kijana alirudi kliniki mwaka uliofuata. Alitaka kujaribu tena. Nilimwambia ukweli, kwamba kwake hatari ni kubwa kuliko kwa mwingine. Tukapanga pamoja safari ya siku sita upande wa Sirimon, na dawa, na mwelekezi aliyeambiwa habari zake zote.

Siku ya nne ya safari yake simu yangu ililia nikiwa na mgonjwa. Ilikuwa sauti yake, akipiga kutoka Nanyuki. Alikuwa amefika Shipton salama, lakini jioni kichwa kilianza kumuuma na chakula kikamshinda. Hakungoja nani amwambie.

"Daktari," alisema, "nimeshuka."

Lenana bado hajafika. Juzi nilimwona na mama yake sokoni Ngong, wamebeba viazi.